Nilielewa kazi ya injenia siku aliponichimbia shimo kiwanjani Nyamianda

Wakuu, salaam kutoka Uvira. Haya nimeyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi, na bado yananisumbua akili.

Nilinunua kiwanja Nyamianda ili nimjengee mama nyumba. Tambarare, mchanga mkavu, majani mazuri. Yeye ndiye angelala humo. Mimi kazi yangu iko Kamanyola, nyumbani naja siku moja moja tu.

Nikatafuta injenia. Wa kwanza alinitumia picha kwenye simu: madirisha makubwa, rangi ya machungwa, gari nje. Gari sina, lakini nilifurahi kuliona. Kiwanja chenyewe hakuwahi kukikanyaga.

Wa pili alikuwa dada mmoja aliyesomea kazi hiyo Bukavu. Alikuja na majembe, koleo na vibarua wawili. Ramani hakuna. Nikasema moyoni, huyu amekuja kupanda mihogo.

"Dada injenia, nyumba yenyewe iko wapi?" nikamtania.

"Papa, miye siwezi chora nyumba na sijui italala juu ya nini."

Wakachimba. Mchanga, mawe ya duara kama ya mtoni, mchanga tena. Shimo lilipopita kimo cha mtu, koleo likagonga kitu. Akashuka mwenyewe, akafukua kwa mikono.

Mafiga matatu, wakuu. Katikati majivu na makaa, na kando sufuria imelala ubavu.

Kumbe huko chini mtu alikuwa anapika, udongo ukaja kumfunikia jiko lake hadi kunipita mimi urefu. Majani yakaota juu, mahali pakapendeza, mimi nikanunua. Na pale kwa macho huoni chochote.

"Maji ya mulima ilipitaka hapa," dada akasema. "Na itarudia tu."

Mama, niliyekuja naye siku hiyo, akasogea ukingoni, akatazama ndani.

"Mutoto wangu, mwenye hii jiko alitokaka muzima?"

Nilikuwa nimebakiza kidogo sana kumlaza mama yangu mzazi pale.

Sasa natafuta kiwanja kingine, na yule dada atakikanyaga kabla sijalipa hata faranga. Nilichojifunza: anayetaka kukujengea bila kuijua ardhi yako, mwache aende na picha zake.

Mliojenga, wataalamu wenu walianzia wapi? Semeni hata kama mlikosea, mimi nimeshajianika.