Nyasi za Mapambo Siku ya Posa

Jamani, msicheke mapema, maana hata leo nikipita kwa jirani yangu Mama Fausta najifunika khanga usoni. Yote yaliletwa na nyasi. Ndiyo, nyasi!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba na magazeti ya kigeni yamejaa Morogoro mjini, nami nikaona kwenye gazeti moja bustani ya wenye nazo, haina ua hata moja, nyasi ndefu tu zinapepea, nikasema kumbe kitu chenyewe kiko bure milimani kwetu! Nikapanda milima ya Mgeta, nikang'oa zile zenye mashuke mekundu, nikazipanda mbele ya nyumba, nikazimwagilia (majirani wakidhani nimerukwa na akili), masika yakapiga, zikaziba dirisha.

Basi binti yangu Skola akapata mchumba, kijana wa huko huko Mgeta, na wazee wake wakatuma salamu kwamba Jumamosi wangeshuka kuleta posa. Skola akaniomba, "Mama, tuzifyeke, wale ni wakulima." Nikamjibu, "Fyeka na nywele zangu basi!"

Siku ikafika. Wali unapoa, kuku anapoa, wageni hawatokei. Kutoka nje siwezi (mama wa binti akionekana anachungulia posa, atasemwa ana haraka ya kumtoa mwanawe), na dirishani sioni kitu ila mashuke. Wameghairi? Wamesikia nini? Skola analia chumbani. Mara nikasikia vicheko kwa Mama Fausta, ambaye uwanja wake umefagiliwa ukang'aa, na ambaye, sikieni, naye ana binti.

Nikatoka mbio, nikakatiza nyasi zangu, nikatokea kule gauni limejaa mashuke, kilemba kimebaki njiani. Wazee wa Mgeta wanakunywa chai! Nikasema nikihema, "Shikamooni! Posa ni yangu mimi!"

"Mgeni si anakunywa kwanza ndipo aulizwe shida yake?" akasema Mama Fausta, macho makavu.

Shangazi wa kijana akanitazama juu mpaka chini. "Marahaba. Pale tumepapita, mama, tukajua ni mahame, wenyewe wamehama, tukaja kuulizia hapa. Nyasi hizo sisi twazing'oa kwenye kabichi kila siku. Huyo binti kafundwa kufagia kweli?"

Ndipo tukasikia fyekeo. Skola, aliyetakiwa asionekane mpaka aitwe, alikuwa uwanjani na gauni lake jipya, macho mekundu, anafyeka kwa hasira.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Ndiye huyu? Twendeni."

Posa ikapokewa, na jioni nyasi zangu zikafungwa mzigo, zikapanda lori kurudi Mgeta kulisha mbuzi. Sipandi tena kitu kisicholika, uwanja wangu sasa ni udongo mtupu. Lakini Mama Fausta kila akipata wageni huniita kwa sauti, "Mama Skola, na hawa ni wako?"