Treni ya Baba Ilipita Lubudi

Baba alizunguka dunia nzima kwa riwaya bila yeye mwenyewe kuvuka Tenke, stesheni ya jirani. Aliziazima moja moja kwenye maktaba ya wafanyakazi wa mgodi, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kifaransa. Hazikuwa hadithi za kale. Zilikuwa riwaya mpya, za waandishi waliokuwa hai kama sisi, kule kwenye theluji na kwenye visiwa. Jumapili, tukishamaliza ugali wetu wa bukari, alikaa barazani kwetu, mtaa wa Dilala mjini Kolwezi, akamsomea mama, ambaye hakujua kusoma. Jicho lilikuwa kwenye Kifaransa, mdomo ukitoa Kiswahili. Mimi, binti yao, niliosha sahani polepole makusudi nisikose neno.

Ilikuwa miaka ile tulipoamriwa kuacha majina ya kizungu na kuchukua ya mababu. Baba aliitii amri hiyo hadi vitabuni.

“Aba bantu bana majina ya kuvunja meno,” alisema. “Tuko mu Zaïre. Batapata majina ya kwetu.”

Basi kila mhusika alibatizwa upya. Mlevi mmoja wa bandarini alipewa jina la jirani yetu, na kwa wiki nzima sikuweza kumsalimia yule mzee bila kucheka. Kisha kikaja kitabu cha nchi ya baridi kali, kuhusu mwanamke anayeiacha nyumba ya dada yake na kupanda treni. Kwa mzaha, tena bila kusoma mbele, baba alimpa jina la mdogo wake mama.

Mama hakucheka. Mdogo wake huyo alikuwa amepanda treni kwenda kwa wazee wao Kasai, akaahidi kurudi mavuno yakiisha, na tangu hapo kimya. Kikwembe, kile kitenge alichokiacha mdogo wake, mama alikifua mara kwa mara, akakikunja, akakirudisha sandukuni.

Kuanzia siku ile kitabu kiligeuka habari za nyumbani. Kila baba alipotoka kazini, hajavua hata buti, mama yuko mlangoni, anamwita Tata, yaani baba.

“Tata, mudogo wangu iko wapi sasa? Iko na koti?”

“Ngoja Yenga,” baba alijibu, maana yake Jumapili, na nilimwona anajuta ule mzaha wake.

Siku ya kumaliza, alinyamaza katikati ya sentensi. Akakohoa, akaomba maji. Kisha akaendelea kwa haraka: treni ikafika Lubudi, stesheni ya huku kwetu, akina mama wakasogea madirishani na mahindi ya kuchemsha, yule mwanamke akanunua, akapangusa theluji mabegani.

“Tata, Lubudi iko na theluji?” niliuliza.

“Nyamaza, mutoto!”

Akamshusha yule mwanamke kwenye gare, stesheni yetu ya Kolwezi. Mama alilia, kisha akaenda kupika chai.

Miaka ikapita. Mama mdogo hakurudi. Baba alifariki, maktaba ikafungwa, na vitabu vya maktaba hiyo vikaanza kuuzwa sokoni, vimetandazwa chini kwenye gunia kando ya dagaa. Nilikiona kile cha nchi ya baridi, nikasoma mwisho nikiwa nimesimama. Mwanamke anafia kwenye chumba cha kupanga, ugenini, wala dada yake hapati habari. Nilimchukia mwandishi. Halafu nikamkumbuka baba na ile glasi yake ya maji, nikakinunua kile kitabu.

Mama aliposikia nimekipata, alitaka nimsomee. Nilimsomea Jumapili kwa Jumapili, kwa jina lilelile la mdogo wake. Tulipofika kwenye kile chumba, na mimi nikanyamaza katikati ya sentensi.

“Unaogopa nini?” mama akasema. “Mi najua anakufa. Tata yako alisomaka mwisho mu karatasi nyeupe. Mi sijue kusoma, lakini macho niko nayo. Fungua pale pa tata yako.”

Nikafunua ule ukurasa wa mwisho usio na neno. Nikaanza na Lubudi, nikaweka mahindi, nikaweka theluji, kisha nikakwama. Maneno ya baba yalikuwa yamenipotea, na sauti yake pia. Mama akafumba macho, akaendelea mwenyewe bila kusita.

“Treni ikasimama mu Kolwezi. Akashuka. Dada yake alikuwa pa gare, anamungojea.”