Kuku Hawatagi, Mayai Yapo

Ni asubuhi, na jua bado halijavuka ukuta wa uani. Mwanamke mnene wa makamo, aproni imekazwa kiunoni, anapasua yai kwenye ukingo wa kikombe cha bati. Halimimini moja kwa moja kikaangoni. Kwanza analiinamia, analitazama, halafu analinusa.

“Zamani sikuwa na tabia hii,” anasema bila kuinua macho. “Yai la kuku wangu nililijua kama ninavyoijua sauti ya mwanangu. Lakini yaliyonipata yamenifanya hata chumvi niionje mara mbili.”

Wateja wanamwita Mama Kiini. Jina hilo alipewa na wale wa mwanzo kabisa, kwa sababu viini vya mayai yake vilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, na vilisimama juu ya mafuta badala ya kumwagika. Hana hoteli. Ana kibaraza chenye meza mbili na benchi, jiko la mkaa, na mtungi wa maji ya kunawa. Nyuma ya nyumba kuna banda lililojengwa kwa milango chakavu na wavu. Kuku wanataga nyuma, yeye anakaanga mbele. Kuna mayai ya kuchemsha, ya kukaanga na vitunguu, na Jumamosi anaoka keki ambayo huisha kabla haijapoa.

Mumewe ni fundi viatu. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mkewe naye anamwita hivyo hivyo. Meza yake ya kazi iko kwenye kona ya kibaraza, mgongo kwa wateja wa mkewe, misumari mdomoni. Ni mtu wa maneno machache.

Mkasa wenyewe ulianza na dereva wa lori la mchanga, mteja wa kila asubuhi. Siku hiyo alikula nusu, akaweka uma chini.

“Mama, leo umenikaangia nini?”

“Mayai.”

“Ya nani?”

Mama Kiini alidhani anataniwa. Akachukua yai jingine na kulipasua mbele yake. Kiini kikatandaa bapa, kimepauka kama uso wa mtu aliyetoka kuugua malaria.

“Nililitazama tena,” anakumbuka. “Nilikuwa nimeliokota mwenyewe muda si mrefu, kwa mkono wangu, kwenye kiota changu.”

Kesho yake yalikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa. Akashuku chakula. Akawaongezea kuku dagaa, akawakatia mchicha, akabadilisha pumba. Akasugua vyombo vyao vya maji mpaka vikang’aa. Viini vikabaki vimepauka.

Kisha akaanza kuona mambo mengine yasiyoeleweka. Mayai yalikuwa baridi. Aliingiza mkono kiotani asubuhi akakuta yai limepoa kama kijiko cha kabatini. Mengine yalikuwa yamepakwa matope kidogo upande mmoja tu, upande wa pili safi kabisa. Siku moja aliokota yai lenye unyoya uliogandishwa juu yake, katikati, umenyooka vizuri.

“Nikawaza, huyu kuku ni nani, mwenye mapambo kiasi hiki?”

Hapo akafanya jaribio analolijua kila anayepika mayai. Alijaza maji kwenye beseni akayatumbukiza. Yai bichi la leo hulala chini. Haya yalisimama wima, ncha chini, kama mayai yaliyokaa wiki nzima na zaidi. Akayatoa, akayafuta, akayarudisha tena. Yakasimama tena.

Yai lililotagwa asubuhi lingewezaje kuwa na umri wa wiki?

Mama Kiini anasema hapo ndipo alipoacha kuwashuku kuku na kuanza kujishuku mwenyewe. Mama yake mzazi, kabla hajafariki, alipoteza kumbukumbu. Alianza kidogo kidogo: kuweka sukari kwenye ndoo ya kufulia, kuuliza jambo lile lile mara nyingi, kumwita binti yake kwa jina la dada aliyekufa zamani. “Nilimuuguza mpaka mwisho,” anasema. “Najua njia ile inakoanzia. Nikasema basi, zamu yangu imefika. Labda naokota mayai, nayasahau mahali, halafu nayaokota tena.”

Hakumwambia mtu. Alianza kufanya mambo polepole, akijichunga. Akiweka kisu, anasema kimoyomoyo: kisu nimekiweka hapa. Akipokea oda, anairudia midomoni. Wateja walidhani anasali.

Alimuuliza mumewe peke yake.

“Fundi, hivi haya mayai nimeyaokota leo au ni ya siku nyingine?”

“Ya leo,” alijibu Fundi, macho kwenye soli aliyokuwa akiishona.

“Una hakika? Uliniona?”

“Umechoka tu, mke wangu. Pumzika.”

Hakupumzika. Alimwita daktari wa mifugo, binti aliyekuwa akizunguka mitaa ile kwa pikipiki akichanja kuku. Binti yule aliingia bandani, akatazama manyoya yaliyotapakaa sakafuni, akamkamata tetea mmoja na kumgeuza. Akapima kwa vidole kati ya mifupa ya nyonga. Akamwachia, akamkamata mwingine, na mwingine.

“Shangazi, kuku wako wananyonyoka,” akasema. “Wote kwa pamoja, kwa kuwa uliwanunua wa umri mmoja. Si ugonjwa. Wakimaliza kubadilisha manyoya watataga tena.”

“Watataga tena? Kwani sasa hawatagi?”

“Hawatagi. Kuku anayetaga, vidole vyangu vinapita hapa. Hawa pamefunga. Tazama na vilemba vya vichwani mwao vilivyosinyaa.”

“Mwanangu, asubuhi hii nimeokota mayai kwenye kiota hiki.”

Daktari alimtazama kwa upole uleule ambao Mama Kiini aliwahi kumtazama nao mama yake. “Shangazi,” akauliza taratibu, “unaishi na nani hapa?”

Alikaa juu ya kreti la soda bandani, kuku wakimpitia miguuni, mpaka binti yule alipomletea maji.

Jibu lilikuja siku ya pili, na wala hakulitafuta. Alikwenda dukani kununua unga wa keki. Muuza duka alimfungia unga, kisha akainama chini ya kaunta na kuibuka na trei ya mayai.

“Na hii umpelekee mzee. Leo hajapita kuchukua mayai yake.”

“Mayai gani?”

“Si hayo anayochukua kila jioni? Akaniambia nimchagulie ya kahawia, yasiyo na muhuri.”

Mama Kiini alirudi njia yote na trei mikononi, bila unga. Aliusahau kwenye kaunta. Alipofika kibarazani aliiweka trei juu ya meza ya mumewe, katikati ya gundi na visigino. Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.

“Kwa nini?” akauliza mkewe.

Fundi akamkumbusha ule mwaka ugonjwa wa kideri ulipofagia kuku wa banda lote. Mama Kiini alilala akiutazama ukuta, hali chakula, hasemi, jiko limezimika, na yeye Fundi hakujua la kufanya. Alimpikia uji ukaungua. Safari hii alipoona viota vitupu, kabla mkewe hajaamka, aliogopa. Alinunua machache, akayachafua kidogo, akayaweka. Alidhani ni kwa siku mbili tatu.

“Nilitaka usilale tena vile,” akasema.

“Na nilipokuuliza? Nilikuuliza, Fundi. Nilikuambia nahisi akili inaniponyoka.”

“Hukusema hivyo. Uliuliza habari za mayai.”

Mama Kiini anakiri kwamba ni kweli, hakusema hivyo. Na hapo ndipo hajui ashike lipi. Mumewe alifanya kwa mapenzi, hilo halibishi. Lakini mtu huyo huyo alimwona anapima mayai kwenye beseni la maji kama mtoto wa shule, akamwambia amechoka. “Nikimfikiria asubuhi, nacheka. Ikifika mchana nimekasirika. Jioni namwekea chakula nakaa naye, tunakula, na sijui nimemsamehe au nimeshiba tu.”

Fundi, alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, alisema tu kwamba kupaka mayai matope ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri.

Mama Kiini aliwaeleza wateja ukweli, akaanza na dereva wa lori. Wengine walicheka, wawili hawajarudi. Kwa wiki kadhaa alikaanga mayai ya dukani na kusema wazi kuwa ni ya dukani, na keki ya Jumamosi akaiacha kwanza. Sasa kuku wamevaa manyoya mapya. Nusu wameanza kutaga, na kiini kilicho kwenye kikombe chake asubuhi hii kimesimama.

Mpango wake ni kuwa na makundi mawili ya umri tofauti, ili moja likipumzika lingine litage. Fundi anajenga banda la pili kwa mbao za kreti, na vifaranga wameshaagizwa. Ameahidi pia kumweleza mkewe akikuta kiota kitupu.

“Siku nyingine mayai yatakwisha tena, hilo halikwepeki,” anasema Mama Kiini, akikimimina kiini taratibu kwenye mafuta. “Nitamwambia mteja leo hakuna. Atakwenda kula kwingine, kesho atarudi. Na mimi huenda nikalala nikautazama ukuta, kisha nitaamka. Nataka Fundi aweze kuketi pembeni yangu siku hiyo, asiende dukani.”