Jua la Adu na Mvi za Mzee Mwaringa

Pola alikuwa fundi cherehani mjini Malindi, na hakuamini jambo mpaka aliandike. Mbele ya daftari lake kulikuwa na vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nyuma, tangu Januari ile vidole vyake vilipofura hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, aliandika habari za mwili wake. Alipiga safu tatu kwa rula: tarehe, mahali, maumivu.

Safu ile ya katikati nusura imwangamize mtu.

Maradhi yenyewe yalikuwa ya kuja na kuondoka. Viungo vilimkaza asubuhi kama mlango uliovimba kwa mvua. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alilala akaamka na uchovu ule ule aliolala nao, na usoni likatanda baka jeusi lililoshika mashavu mawili na kupita juu ya pua, mfano wa kipepeo aliyetua. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Alitibiwa taifodi, hakupona. Mganga mmoja alimpa mizizi ya kuchemsha, akainywa mwezi mzima, baka likazidi.

Mwanzoni mwa Septemba nduguye mdogo, Kenga, muuza vipuri vya baiskeli huko Gongoni, alikuja kumjulia hali. Alilikuta daftari wazi mezani, akaanza kusoma huku akifuata mistari kwa kidole.

"Dada, umeona ulichoandika? Januari, Adu. Aprili, Adu. Agosti, Adu. Kila ukitoka kwa yule mzee unaanguka!"

"Nilikwenda kumsaidia shamba, Kenga."

"Ulikwenda kuliwa. Na shangazi Sidi je? Si alifura miguu, akafura uso, akafa hajatimiza miaka thelathini? Alikuwa akiishi na nani?"

Yule mzee alikuwa Mwaringa, baba yao mkubwa wa kijijini Adu, aliyekaribia miaka themanini. Ndiye aliyewalea baba yao alipofariki. Marehemu Sidi alikuwa dadake wa tumbo moja, na minong'ono ilimfuata tangu siku aliyomzika. Huko kwao, msiba ukitokea, macho ya watu hutafuta kichwa cheupe. Wazee wawili watatu aliowajua Mwaringa walikuwa wamefukuzwa makwao, na mmoja hakuwahi kufika alikokimbilia. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili mzee alijifungia ndani akapaka nywele piko, ile rangi nyeusi ambayo wanawake wa mjini hujichorea mikono siku za harusi. Akatoka na kichwa cheusi ti juu ya uso wenye makunyanzi, na watu wakajifanya hawaoni.

Kenga hakungoja. Aliwaita watu wa ukoo: Jumamosi, Mwaringa ale kiapo cha papai. Mganga angelisomea papai maneno, mzee angelila mbele ya watu, na mdomo ukifura, basi ndiye mchawi. Pola alijua kwamba hata usipofura, hakuna atakayesahau kuwa aliwahi kuitwa. Tena ushahidi wenyewe ulikuwa mwandiko wake yeye.

Jumatano alikwenda kuchukua majibu ya damu kwa Daktari Sumeiya, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Maradhi haya yaitwa lupus," daktari alisema. "Askari wa mwili wako wamekosa kumtambua mwenye nyumba. Badala ya kupigana na adui, wakupiga wewe: viungo, ngozi, na wakiachiwa, hata figo."

"Nani ameyatuma?" Swali lilimtoka Pola kabla hajalizuia, akaona haya.

Daktari hakucheka. "Hapana aliyeyatuma, mamangu. Wala sababu yake si moja, na sisi wenyewe hatuijui yote. Mtu huzaliwa na mwelekeo, nao mara nyingine hupita katika ukoo. Huwapata zaidi wanawake. Kisha huja kitu kikauchokoza: ugonjwa mwengine, dhiki, baadhi ya dawa, jua. Hasa jua. Kwenu yuko aliyewahi kuugua hivi?"

Pola akamweleza habari za shangazi Sidi.

"Aliyezikwa siwezi kumpima," daktari alisema. "Lakini yaweza kuwa ni haya haya. Na wewe jua wakutana nalo wapi, nawe fundi wa kukaa ndani?"

Pola alifungua daftari, na safari hii alisoma safu zote tatu. Januari, Adu: siku mbili za kuokota korosho. Aprili, Adu: kupanda mahindi. Agosti, Adu: kuvuna. Kila mara maumivu yalipanda siku ya tatu au ya nne. Kisha akaiona mistari miwili ambayo kidole cha Kenga kiliiruka. Tarehe kumi na nne Juni: *Adu. Mvua siku mbili. Nimeshinda jikoni. Nimekula muhogo kwa baba mkubwa. Sijambo.* Na tarehe ishirini Julai: *Malindi. Sherehe ya shule. Tumekaa uwanjani bila turubai, saa tatu hadi saa tisa.* Siku tatu baadaye alikuwa kitandani, uso unawaka, na tangu Juni alikuwa hajakanyaga Adu.

Alisoma tena ili ahakikishe. Kisha akamgeuzia daktari daftari aone.

Daktari alimwandikia vidonge vya kila siku, akamwonya kwamba vitachukua wiki nyingi kabla ya kuonyesha kazi, na kwamba macho yapimwe kila mwaka. Atavaa mikono mirefu, atabeba mwavuli, na mkojo utapimwa mara kwa mara. "Leo ni safi. Figo hazijaguswa."

Pola akaliandika hilo pia daftarini.

"Na hii mizizi?"

"Iache. Mingine ya namna hiyo huwachochea hao askari, na wako wamekwisha chachamaa. Kusingwa viungo kwa mafuta ya nazi, endelea. Kutembea jioni, samaki, mboga, chumvi kidogo, usingizi wa kutosha. Na sala. Sala haina ugomvi na kidonge, mradi kidonge kimezwe. Hayataondoka kabisa, lakini twaweza kuyatuliza."

Jumamosi watu wa ukoo walikuwa wamejaa uani kwa Mwaringa. Papai kubwa lilikuwa kwenye sinia, mganga kando yake akipanga vitu vyake. Mzee alikaa kigodani, kichwa kimemetameta kwa piko ya jana. Pola aliingia na mwavuli wazi, akaketi chini ya upenu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona nikila?"

"Nimekuja kusoma."

Akasoma, tarehe kwa tarehe. Alipofika Juni aliirudia mara mbili. Alipofika Julai alimgeukia nduguye. "Kenga, siku hiyo baba mkubwa alikuwa hapa Adu. Alinirogea uwanja wa shule?"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Kenga akaliomba daftari, akasoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulisoma safu moja ukafunga kesi."

Akawaeleza maneno ya daktari, na aliyosema juu ya Sidi pia. Mwaringa alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa kiganja. "Miaka yote hii," alisema, "hata mimi nilishaanza kujiuliza kama ni mimi."

Kenga akapiga magoti mbele yake, akaomba radhi. Mzee akamwacha hapo kitambo, kisha akamgeukia mganga.

"Hilo papai limesomewa?"

"Bado."

"Basi leteni kisu. Limeiva hilo, tusiliachie nzi."

Wakalila wote, mganga naye akapata kipande.

Januari iliyofuata Pola alirudi Adu kwenye korosho. Vidole vilikuwa vimelainika na baka limefifia, ingawa siku mbaya bado zilikuja na aliziandika. Aliokota kulipopambazuka, akaacha saa mbili asubuhi, akaingia kivulini. Mwaringa alikuja kumpokea kikapu, kichwa cheupe pe kama pamba.

Akatoa mfukoni pakiti ya piko ambayo haijafunguliwa.

"Nilinunua mbili kabla ya lile papai," alisema. "Hii mpelekee Kenga. Nimemwona juzi, ameanza kuota mvi."