Dozi ya Kilo Mia na Kumi

Wewe ungejichoma sindano ya kisukari kwa hesabu ya ng'ombe? Jumanne, kwenye duka la dawa hapa Bariadi, mama mfugaji kutoka Dutwa, mwenye kisukari, alishika boksi la sindano ya kila wiki, ile inayopunguza na mwili.

"Nipimie ya kilo mia na kumi, ndio uzito wangu," alisema.

"Mayu, kujichoma unajua?" muuzaji akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ng'ombe wote nyumbani nachoma mimi. Akiwa mkubwa, namwongezea dawa."

Muuzaji akacheka, akachukua boksi, akaanza kumfungia. Cheti cha daktari hakuulizia. Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nikaomba karatasi ya maelekezo: English tupu. Nikamsomea mama kwa Kiswahili: kila mtu huanza na dozi ndogo, hata awe na kilo ngapi, na daktari ndiye anayeipandisha polepole. Ukianza na kubwa, utatapika mpaka uishiwe maji mwilini.

Mama akalisukuma boksi upande wa muuzaji. "Basi nimwone daktari kwanza."

Degree yangu isiyo na ajira ikapata kazi ya dakika tano, for free. Nyie mnaoruhusu dawa hizi, be serious: wekeni karatasi ya Kiswahili kwenye kila boksi, na fungieni duka linalouza bila cheti.