Mguu wa Mwalimu Otiende

Kwa miaka kumi na saba Elphas Otiende amefundisha watu kuendesha gari mjini Kitengela. Uwanja anaofundishia uko nyuma kidogo ya barabara ya Namanga, penye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kugeuka vumbi baada ya siku tatu. Amewafundisha manesi, makarani, wachungaji wawili, na mzee mmoja aliyekataa kabisa kuacha rungu lake nje ya gari. Wengi wao walipita mtihani mara ya kwanza. Otiende alilijua hilo, na alipenda wengine walijue pia.

Ubaya wake ulikuwa ulimi. Aliyekosea alichekwa, tena mbele ya wenzake.

Mumbi alikuja kujiandikisha akiwa na miaka hamsini na sita. Anafuga kuku Kisaju, na pikapu anayo, lakini dereva aliyemwajiri alikuwa hafiki sokoni bila kupasua trei mbili za mayai. Akaamua ataendesha mwenyewe.

Wiki ya pili alisema, "Mwalimu, hii breki inaingia chini sana."

"Ni mguu wako, shosho. Hiyo ni breki, si cherehani. Kanyaga!"

Wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko kusikia akiitwa bibi kizee. Mumbi akakanyaga tena.

Jumanne alirudia maneno yaleyale. Kesho yake, kabla wanafunzi hawajafika, Otiende alifungua boneti na kukuta oili ya breki imeshuka chini ya alama. Akaongeza. Ilikuwa mara ya pili mwezi huo. Oili ya breki haipungui hivyo bila sababu. Ikipungua, kuna pahali inapomwagikia. Mtu aliyefundisha miaka kumi na saba hahitaji kuambiwa hayo. Lakini mtihani ulikuwa karibu, wanafunzi walikuwa wengi, na gari likienda kwa fundi siku nzima ingepotea. Akafunga boneti.

Alhamisi asubuhi Mumbi alikuwa akielekea kwenye madramu yaliyopangwa mwisho wa uwanja, gari likiwa gia ya pili.

"Simama hapo," Otiende akamwambia.

Mumbi akakanyaga. Gari halikusimama.

Gari la mafunzo lina pedali mbili za breki, ya mwanafunzi na ya mwalimu, nazo zimeunganishwa. Otiende akakanyaga ya kwake kwa nguvu zote. Mguu wake ukazama kama umetumbukia kwenye uji. Akavuta breki ya mkono. Gari likaserereka, likaangusha madramu mawili, likaingiza pua kwenye ua wa seng'enge wa jirani. Taa moja ikavunjika. Hakuna aliyeumia.

Wanafunzi walikuja mbio, na wa kwanza kufika alikuwa Whitney, msichana wa chuo kikuu. Hapo ndipo Otiende alipofungua mdomo. Mpaka leo hajui maneno yale yalitoka wapi haraka vile.

"Amekanyaga mafuta! Nimemwambia breki, yeye anakanyaga mafuta!"

Mumbi alimgeukia. "Mwalimu, mimi nimekanyaga breki. Na wewe umekanyaga."

"Sasa wewe ndio utanifunza gari?"

Whitney alicheka, na wengine wakamfuata. Mumbi alichukua kibeti chake, akashuka, akakung'uta vumbi kwenye sketi na kutembea hadi barabarani bila kutazama nyuma. Otiende akampigia simu Wanyoike, mwenye chuo hicho cha udereva, akamwambia uongo uleule.

Mchana Wanyoike alifika na fundi aitwaye Maweu, mtu wa maneno machache. Maweu alichungulia chini ya boneti, kisha akauliza, "Nani amekuwa akiongeza oili hapa?"

"Ni mimi," Otiende akasema.

Maweu akainuka. Alizunguka gari akipitisha vidole upande wa ndani wa kila tairi. La nyuma kushoto lilikuwa na majimaji. Akapiga jeki, akatoa tairi, akagongagonga drami, lile bakuli la chuma linalofunika breki, mpaka ikatoka. Ndani kuna silinda ndogo ambayo husukuma viatu vya breki, vile vipande vinavyobana drami ili gurudumu lisimame. Maweu aliinua raba inayoiziba kwa ncha ya bisibisi, na oili ikachuruzika mpaka kwenye kiganja chake.

"Hii haijaanza leo," akasema. "Angalia vile vumbi imeshikana na oili ikakuwa matope. Hii iko na wiki kadhaa."

"Kwa hivyo yule mama?" Wanyoike akauliza.

"Hata angekanyaga na miguu zote mbili, gari haingesimama."

Maweu hakumtazama Otiende hata mara moja, na hilo lilimuuma kuliko kutukanwa.

Silinda mpya ililetwa, na viatu vipya pia, kwa sababu vya zamani vilikuwa vimelowa oili. Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu za oili ya breki. Otiende aliketi kwenye usukani, Maweu akalala chini kando ya tairi na spana mkononi.

"Pampu. Pampu tena. Sasa shikilia, usiachilie mpaka niseme."

Otiende alitii kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Polepole pedali ikapanda na kuwa ngumu. Alishangaa kwamba alikuwa amesahau breki nzima huwaje mguuni.

Aliposhuka alimwambia Wanyoike, "Mguu wangu pia ulizama. Nilijua si yeye."

Wanyoike akatikisa kichwa. "Mimi usiniambie. Mwambie yeye."

Ijumaa alienda Kisaju. Mumbi alikuwa akipanga mayai kwenye trei, na hakuacha kuyapanga.

"Mama, nilikusingizia. Breki ilikuwa imeharibika na nilijua. Naomba unisamehe."

"Ulinicheka mbele ya watu," Mumbi akasema. "Hapa uko na mimi na kuku tu."

Otiende alielewa. Jumamosi, wanafunzi wote wakiwepo na Mumbi amesimama pembeni, alisema yote: oili aliyoongeza kimyakimya, mguu uliozama, uongo. Whitney aliinamisha kichwa. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakukuwa na la kupigiwa makofi.

"Nimesikia," Mumbi akasema. "Nitamalizia masomo na Yvonne." Yvonne ni mwalimu mwingine wa udereva pale chuoni. Akaingia naye garini, wakaondoka.

Mumbi alipita mtihani mwezi uliofuata. Sasa hupita Kitengela mara mbili kwa wiki, trei zimefungwa vizuri nyuma ya pikapu. Otiende akimwona humpungia mkono. Siku nyingine Mumbi hupiga honi kidogo. Siku nyingine hupita tu, na Otiende hamlaumu.