Fundi Gramu na Mashine Tatu za Sukari

Wenye bucha, wauza nafaka, akina mama wa nyanya, sokoni pale wote wanamwita Fundi Gramu. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ni kutengeneza mizani. Kibanda chake kiko nyuma ya soko: meza iliyochubuka, mkebe wa springi, na kisanduku chenye kitambaa chekundu ambamo mawe ya mizani ya shaba yamelala kwa kufuatana ukubwa, kama watoto waliobanana kitanda kimoja. Ole wako uyashike kwa mkono mtupu. Atakwambia jasho nalo lina uzito.

Na utaratibu wake ni mmoja. Ukimpelekea mizani, hakuulizi imekudanganya vipi. Anaweka juu yake jiwe analolijua, kisha anatazama mshale. Mwenye bucha aliwahi kumletea kipande cha nyama ajaribie, akafukuzwa. Nyama huijui, alimwambia, utaihukumuje mizani kwa kitu usichokijua?

Sasa, mkewe ana kisukari, miaka mingi tu, na hujidunga insulini. Juzijuzi alijidunga kama kawaida, akala matonge mawili, akaenda kuosha vyombo. Fundi aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, bomba linamwaga maji, jasho linamtiririka, na maneno anayosema hayana kichwa wala miguu. Jirani ndiye aliyewahi na maji ya sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko hadi macho yakarudi. Daktari alikuwa mkali: kukisia basi, nunueni mashine ya nyumbani, apime kabla ya kujidunga.

Wengine wangeshukuru na kwenda dukani. Fundi alikosa raha. Maisha yake yote ameona mizani zinazosema uongo kwa uso mkavu. Je, mashine ikisema sukari iko juu na kumbe iko chini? Mkewe atajidunga, ataanguka, na safari hii huenda asikutwe mapema.

Basi asubuhi moja wakaenda wote wawili duka la dawa. Mfamasia pale ni dada mcheshi, ametoka kwao mkewe, kwa hiyo Fundi ni shemeji yake na utani hauishi. Akapanga mashine tatu juu ya kaunta. Ya kwanza nyembamba, inaingia mfuko wa shati, ila namba zake kama sisimizi. Ya pili inatunza majibu ya nyuma, lakini vijiti vyake vya kupimia huadimika, unaweza kuzunguka mji mzima. Ya tatu ina sura mbaya, nene kama mche wa sabuni, ila namba zake unazisoma ukiwa mlangoni, tone la damu linalotakiwa ni dogo, na vijiti vyake kila duka vipo.

“Shemeji, usiangalie mashine, angalia vijiti,” mfamasia alisema. “Mashine unanunua leo. Vijiti utanirudia mpaka tuchokane.”

Mke akajaribu ile nene. Nane na nukta mbili. Fundi akataka irudiwe papo hapo. Nane na nukta saba. Akaisukuma kando kama sahani yenye nywele. Mfamasia akacheka, akamweleza kwamba damu si mchele, tofauti ndogo kama hiyo ni ya kawaida kwa mashine zote na haimdhuru mgonjwa. Kinachodhuru ni tofauti kubwa.

“Na hiyo kubwa nitaijuaje?” Fundi akauliza. “Huyu ni mgonjwa, sukari yake inapanda na kushuka. Nataka jiwe.”

Mkewe akamtania kwamba leo atawavunjia duka watu kwa mawe yake. Lakini Fundi hakuwa anatania. Akapiga funda refu la maji kutoka kwenye chupa anayotembea nayo siku hizi, akakunja mkono wa shati. Yeye hajalazwa tangu azaliwe. Mtu mzima, mzima wa afya. Kipimo chake kinajulikana, sukari ya asiye mgonjwa haifiki nane. Wampime yeye, mashine itakayokosea arudishiwe aliyeitengeneza.

Wakaanza na ile nene. Kidole kikachomwa, tone likanyonywa, namba ikatokea kubwa, hata mkewe asiye na macho mazuri aliisoma. Ishirini na moja.

“Mnaona?” Fundi alisema, karibu kwa furaha. “Mbovu hii. Lete nyingine.”

Mfamasia hakuwa anacheka tena. Akauliza kama ameshika kitu kitamu. Akamwonyesha sinki, akasimama naye mpaka akanawa kwa sabuni na kujifuta pakavu. Kisindano kipya, kidole kingine, ile mashine nyembamba. Ishirini na nukta sita. Kisha ile ya pili. Ishirini na moja na nukta tatu.

Mashine tatu zilikuwa zimelala kwenye kaunta, kila moja na namba yake, na hakuna aliyezigusa. Fundi alitazama moja baada ya nyingine, kama anayetafuta skrubu iliyolegea.

“Hiyo ni chupa ya ngapi leo?” mkewe akauliza taratibu.

“Joto, mama watoto.”

“Na mkanda? Joto linapunguza kiuno?”

Fundi akajishika mkanda. Tundu la mwisho alilitoboa mwenyewe kibandani, kwa msumari wa kazi, akachekelea kwamba kitambi kimemkimbia. Kando yake kulikuwa na jingine, nalo alilitoboa yeye.

Mfamasia akasema daktari ndiye atakayethibitisha, ila namba kama hiyo haingoji kesho, waende hospitali sasa hivi kutoka hapo hapo.

“Rudia,” Fundi alisema. Sauti ilikuwa ndogo. “Mara moja tu. Rudia.”

Mfamasia akamtazama mkewe. Mke akamsogelea mumewe, akamshika ule mkono wenye vidole vilivyotobolewa.

“Baba watoto. Mizani tatu, jiwe moja. Ingekuwa kibandani kwako, ungesema kibovu ni kipi?”

Fundi akakaa kwenye kigoda cha wateja, mikono juu ya magoti, macho sakafuni. Mkewe ndiye aliyechagua. Ile nene, akasema, na ziwe mbili. Mfamasia akazifunga mbali mbali, akasisitiza kila mtu na mashine yake na visindano vyake, visichanganywe hata kwa bahati mbaya.

“Haya, twende,” mke akasema, akamvuta mkono.

Fundi Gramu akanyanyuka. Suruali ikateleza, akaidaka kwa mkono mmoja, akamfuata mkewe nje.